Tairi la mbele la bajaji: plai nane, kashata kubwa au lile lililotoka nyuma?

Swali: Shikamoo fundi. Naendesha bajaji aina ya Bajaj RE hapa Mbeya, nipo kwenye mkataba na mwenye chombo. Tairi la mbele limeisha bega la kushoto mpaka nyuzi zimeanza kuchungulia, ila upande wa kulia kashata, yale meno ya mpira, bado zipo. Nimezunguka maduka ya Mwanjelwa nimechanganyikiwa. Mmoja anasema nichukue la plai nane ndilo linalodumu, mwingine kanishikisha la kashata kubwa za matope, wa tatu ana la bei nusu na saizi ni hiyohiyo 4.00-8. Bosi naye anasema moja la nyuma lihamie mbele, jipya life nyuma kwenye mzigo. Nichukue lipi? Na spea yangu ina miaka mingi haijashushwa, bado inafaa?

Jibu: Marahaba, kijana. Nianze na lisilosubiri: tairi linaloonyesha nyuzi halingojwi limalize wiki. Kama spea yako inashika upepo na haina nyufa, ifunge mbele leo hii na upunguze mwendo mpaka ununue. Kama nayo imechoka, paki chombo. Hesabu ya bosi ya siku moja utailipa, lakini tairi la mbele likipasuka ukiteremka na lori liko nyuma yako, hapo hakuna cha kulipa.

Jibu la dukani ni hili: nunua 4.00-8 iliyotengenezwa kwa ajili ya bajaji, yenye mistari mirefu inayozunguka tairi zima, plai (kipimo cha nguvu ya ubavu) ileile iliyoandikwa kwenye kitabu cha chombo chako, tarehe yake iwe ya karibuni, na tyubu mpya ya saizi hiyo. La plai nane liache. La matope liache. La bosi tutalizungumza, maana hapo inabidi nikupe maneno ya kumwambia. Lakini kabla hujatoa hata shilingi, tafuta kilichokula bega la kushoto, kwa sababu usipokitoa kitakula na hilo jipya.

Angalia jinsi chombo chako kilivyokaa. Injini iko nyuma, abiria wako nyuma, magurudumu mawili ya nyuma yanagawana sehemu kubwa ya mzigo. Mbele kuna gurudumu moja, jepesi, na hilo peke yake ndilo linalokata kona. Gari lina mawili ya kusaidiana. Pikipiki ya kawaida ina moja, lakini dereva analaza chombo kwenye kona. Wewe hulazi. Ukikata kona, gurudumu la mbele linasimama wima na kusukumwa pembeni, na sehemu inayogusa lami haizidi kiganja chako. Ukikanyaga breki kwenye mteremko, uzito mwingi unakuja mbele kwenye kiganja hicho hicho. Tairi la nyuma likipasuka, bajaji inainama upande mmoja na dereva mtulivu anaiweka pembeni. La mbele likiisha upepo ghafla, usukani unavuta, ukikanyaga breki kwa hofu pua inazama na chombo kinaweza kulala. Kwa hiyo mbele tunatafuta tairi linaloshika lami na kutii usukani. Habari ya kubeba mzigo ni ya nyuma.

Sasa la bei nusu, kwa sababu ndilo lenye mtego mkubwa na wauzaji wachache watakueleza.

Namba 4.00-8 inasema upana wa tairi ni kama inchi 4, na rimu ina kipenyo cha inchi 8. Kile kistari katikati kinamaanisha nyuzi zake zimepishana kimshazari, tofauti na tairi za gari dogo ambazo hapo huwa na herufi R. Saizi hii tumeirithi kwenye skuta. Piaggio wa Italia walianza kutoa Ape, pikipiki yao ya magurudumu matatu, mwaka 1948, wakiijenga kwa vipuri vya Vespa. Bajaj wa India nao walipata kibali cha serikali yao mwaka 1959 cha kutengeneza vyombo vya magurudumu mawili na matatu, na skuta walizoanza nazo zilikuwa Vespa kwa leseni ya Piaggio. Gurudumu dogo la inchi 8 likabaki mpaka leo.

Shida ni kwamba 4.00-8 ndiyo saizi ya toroli la zege pia. Na baadhi ya mashine ndogo za kulimia zinavaa namba hiyohiyo. Tairi la toroli litaingia kwenye rimu yako bila ubishi, litajaa upepo, likiwa jipya litang'aa kuliko la kwako la zamani. Ila limetengenezwa lisukumwe na mtu anayetembea kwa miguu. Likizungushwa mwendo wa barabarani kwa nusu saa linapata joto ambalo nyuzi zake hazikuandaliwa kulistahimili, linavimba upande mmoja, halafu kashata zinaachana na nyuzi. Dereva anaanza kulaumu beringi, kumbe tairi ni la ujenzi.

Joto lenyewe si dogo. Tairi la 4.00-8 lina kipenyo cha takriban milimita 415, maana yake linazunguka zaidi ya mara 760 kwa kila kilomita moja. Tairi la gari dogo la 175/65R14 linazunguka kama mara 550 kwa umbali huohuo. Lako linakunjwa na kukunjuliwa mara nyingi zaidi, na ndiyo maana linaisha haraka hata ukiendesha kwa adabu.

Utalitambuaje la toroli? Usiangalie kashata, soma ubavu. Tairi la chombo cha barabarani lina namba ya tarakimu mbili na herufi moja, kwa mfano 66J au 71J. Namba ni uwezo wa kubeba: 66 ni kilo 300, 71 ni kilo 345, 76 ni kilo 400. Herufi ni mwendo wa juu: E ni kilomita 70 kwa saa, F ni 80, J ni 100. La toroli mara nyingi halina maandishi hayo kabisa, au lina uzito bila mwendo, na plai yake huwa 2 au 4. Muuzaji akikwambia "hayo maandishi hayana maana, angalia ubora", rudisha tairi mezani umshukuru. Ukiona kashata zake ni mabega makubwa yaliyokaa kama herufi V, hilo ni la mashine ya shamba.

La plai nane je? Huyo muuzaji hajakudanganya kwamba linadumu. Amesahau kukwambia linadumu wapi. Siku hizi plai si hesabu ya matabaka yaliyomo ndani, ni kipimo cha nguvu ya ubavu. Kadiri plai inavyopanda, ubavu unakuwa mgumu na tairi linataka mzigo na upepo mwingi ili likae sawa chini. Nyuma, penye mashine na abiria watatu, linapata mzigo wake. Mbele penye uzito mdogo halikandamizwi vya kutosha, kwa hiyo linadundadunda kwenye mashimo na kila linapodunda usukani hauna kazi. Mvua ikinyesha ndipo utaliona vizuri: unakanyaga breki, gurudumu la mbele linakwama na kuteleza kabla ya yale ya nyuma. Fuata kitabu. Kimeandika plai 4 mbele, weka 4. Kimeandika 6, weka 6. Kama kitabu kilipotea na mmiliki wa kwanza, duka la wakala wa chombo chako watakuonyesha kinachotakiwa, na kwenye baadhi ya vyombo kuna kibandiko chenye saizi na upepo.

Najua kuna sababu nyingine inayowafanya madereva wapende plai nane mbele, na haiandikwi popote: wale abiria wawili wanaokaa pembeni ya dereva. Kanuni za leseni za usafirishaji zinakupa abiria watatu, nao ni wa kiti cha nyuma. Ukiweka wengine wawili pembeni yako, umelibebesha gurudumu la mbele mzigo ambao mhandisi hakuupigia hesabu, na mikono yako haina nafasi ya kukata kona kali. Hakuna tairi la kutibu hilo, wala sitakushauri ununue tairi kwa ajili yake.

Kashata za matope zinahitaji maneno machache tu. Mbeya ina mvua ndefu, Novemba mpaka Aprili, na mitaa mingi ukitoka lami ni udongo, kwa hiyo naelewa kwa nini ulishawishika. Lakini kazi yako ya siku nzima iko kwenye lami. Kashata kubwa zilizotengana zinagusa lami kwa vipande, usukani unatetemeka, na kila kipande kinaliwa upande mmoja mpaka tairi linakuwa na mawimbi. Mistari mirefu inayozunguka ndiyo inayofanya gurudumu lishike njia bila kuyumba, na maji yanapita kwenye mifereji yake. Kama nusu ya ruti yako ni tope kweli, tafuta lenye mistari katikati na vitofali vidogo mabegani. Yapo.

Umbo la uso wa tairi nalo liangalie. Tairi za skuta na pikipiki zimeviringwa juu kwa sababu chombo kinalala kwenye kona. La bajaji linatakiwa liwe na uso bapa zaidi. Ukiweka la skuta lenye mviringo, utakuwa unatembelea mstari mmoja wa katikati na mabega yatabaki mapya huku katikati kukiwa kipara.

Aina ya kampuni sitakugombanisha nayo. MRF, CEAT, Apollo na TVS wote wa India wanatengeneza tairi za bajaji zinazofanya kazi, na zipo nyingine zisizo na jina kubwa ambazo ni nzima. Ninalojali zaidi kuliko jina ni umri. Tafuta ubavuni tarakimu nne zilizokaa pamoja, mara nyingi ndani ya umbo la yai: 2325 ni wiki ya 23 ya mwaka 2025. Mimi sinunui kama jipya tairi lililopita miaka mitatu, hata likiwa na karatasi zake. Halafu uliza lilikuwa limewekwa wapi. Tairi lililoning'inizwa mbele ya duka kama tangazo, likapigwa jua mwaka mzima, limezeeka kuliko tarehe yake. Likunje kwa mikono miwili uangalie ndani ya mifereji. Ukiona nyufa ndogo kama nywele, liache. Bonyeza kucha ya dole gumba kwenye mpira: ikiacha alama inayorudi polepole, mpira uko hai. Kucha ikiteleza kama kwenye plastiki, utateleza na wewe.

Tairi la mtumba kwa mbele, hapana. Lililobandikwa uso mpya, hapana. Na kuna jamaa wanaochonga mifereji mipya kwa kisu cha moto kwenye tairi lililoisha, wanalipaka rangi nyeusi na kuliweka kwenye rundo la matairi mazuri. Pitisha kidole ndani ya mfereji. Uliotoka kiwandani una sakafu laini, na mahali pamoja pamoja kuna vinundu vidogo vya kuonyesha kikomo cha kashata. Uliochongwa una kingo zenye michirizi na vinundu hakuna.

Sasa bosi wako. Wazo lake lina mantiki ya mfanyabiashara: jipya likae penye kazi nzito. Mwambie hivi. Tairi la nyuma limebeba mzigo na kusukumwa na injini, limeshagonga mashimo likiwa limejaa watu. Likiwa na jeraha ndani ya nyuzi, huwezi kuliona kwa nje, na ukilihamishia mbele unalipeleka mahali ambapo likifa linaondoka na chombo. Uso wake nao umekaa kwa mfumo wa nyuma, kwa hiyo mbele litaanza kuvuta usukani. Lakini mpe na njia ya kuokoa pesa, maana ukimkatalia bila kumpa kitu hatakusikiliza: mzunguko uende kinyume na anavyotaka. Jipya linaingia mbele. Likifika nusu ya kashata, likiwa limeisha sawasawa, linahamia nyuma kumalizia maisha yake, na jingine jipya linaingia mbele. Saizi ni moja magurudumu yote matatu, kwa hiyo hakuna kinachopotea ila plai: hakikisha la mbele linafikia plai inayotakiwa nyuma kabla ya kulihamisha. Kwa chombo ambacho kitabu kinataka plai moja kotekote, mpango huu hauna gharama ya ziada hata kidogo. Unabadilisha tu mahali pa kuanzia.

Na hapa ndipo tunarudi kwenye bega la kushoto, kwa sababu mpango huo wote unategemea tairi liishe sawasawa.

Sehemu ya lawama ni ya barabara. Tunaendesha kushoto, na barabara zetu zimeinuliwa katikati ili maji yashuke pembeni. Upande wako unainama kushoto. Bajaji inataka kuteleza kuelekea mtaroni, wewe bila kujua unashikilia usukani kidogo kulia siku nzima, na bega la kushoto linasuguliwa. Hiyo ni kawaida na inakula polepole. Bega likiisha mpaka nyuzi wakati upande wa pili kashata zimejaa, kuna kitu kimepinda au kimelegea.

Inua mbele kwa jeki au weka tofali imara chini ya chesi, gurudumu lining'inie. Shika tairi juu na chini, lisukume na kulivuta. Likicheza na kutoa mlio wa tk-tk, beringi za gurudumu zimekwisha. Halafu shika mkono wa chini unaobeba gurudumu, usukume mbele na nyuma. Ukicheza kwenye maungio yake, bushi zimekufa. Sogeza usukani polepole kutoka mwisho mmoja hadi mwingine. Ukihisi unakwama mahali pamoja katikati, au ukicheza ukiusukuma mbele na nyuma, beringi za usukani zinahitaji kubadilishwa au kukazwa. Zungusha gurudumu ukiwa umeweka kalamu karibu na ukingo wa rimu. Rimu ikija na kuondoka kwenye kalamu, imepinda.

Kisha chukua futi kamba. Nyoosha usukani sawasawa, pima kutoka ncha ya ekseli ya mbele upande wa kushoto mpaka katikati ya gurudumu la nyuma la kushoto, rudia kulia. Vipimo vitofautiane kwa milimita chache tu. Ukikuta tofauti ya sentimita mbili, fomu ya mbele (chuma kinachobeba gurudumu) au chesi imepinda, labda tangu siku ulipoingia shimo na ukasema "haikuumia". Simama pia mbele ya chombo mita chache, kwenye sakafu iliyonyooka, uangalie kama gurudumu la mbele limesimama wima au limelala upande mmoja. Lililolala kushoto litakula kushoto. Kunyoosha fomu kwa nyundo barabarani ni kuahirisha. Peleka kwa fundi mwenye vifaa, au badilisha sehemu iliyopinda.

Aina nyingine za kuisha, kwa faida ya wenzako wanaosoma: katikati kipara na mabega mazima ni upepo mwingi. Mabega yote mawili yameisha na katikati bado nzima ni upepo mdogo. Mawimbi, yaani panda-shuka ukipitisha kiganja, shokapu haina kazi tena.

Kufunga. Hapa tafadhali usikimbie mistari. Rimu ya bajaji ya kawaida ni vipande viwili vilivyobanwa pamoja kwa nati, na gurudumu zima linafungwa kwenye drami ya breki kwa nati nyingine. Fundi mgeni asiyezijua anaweza kufungua nati za kuunganisha rimu huku tyubu ikiwa imejaa. Vipande viwili vinaruka kwa nguvu ya upepo wote uliomo, na vimeshavunja mikono na nyuso za watu. Toa valvu ya ndani kabisa upepo uishe mpaka mwisho, kisha ndipo spana iguse nati za rimu. Simamia hilo kwa macho yako hata kama fundi pancha ni rafiki yako.

Rimu ikiwa wazi, isugue kutu kwa brashi ya waya. Kutu ndiyo inayokata tyubu pembeni mwa valvu na kukupa pancha zisizo na msumari. Nunua tyubu mpya, iwe imeandikwa 4.00-8, na valvu yake ipinde kwa mwelekeo wa tundu la rimu yako. Iliyonyooka ikilazimishwa kupinda itapasuka shingo. Paka poda kidogo, jaza upepo kidogo tu tyubu ipate umbo, ndipo uunganishe vipande vya rimu, la sivyo tyubu itabanwa katikati ya chuma na chuma na hutajua mpaka usiku. Kaza nati kwa kupishana, si kwa kufuatana. Kama ubavuni kuna mshale, uelekee mbele chombo kinapokwenda. Baada ya safari chache za mwanzo, rudia kukaza nati zote.

Usishawishiwe kuondoa tyubu kwenye rimu ya vipande viwili ya kawaida. Upepo utatoka kwenye maungio. Vipo vyombo vya siku hizi, zikiwemo baadhi ya TVS King, vinavyokuja na tairi zisizo na tyubu kutoka kiwandani, na rimu zake zimetengenezwa kwa hilo. Tairi lenyewe lisilo na tyubu unaweza kulivalisha tyubu kwenye rimu yako, halina ubaya.

Upepo unapimwa asubuhi kabla hujatoka, tairi likiwa baridi. Kwenye bajaji za 4.00-8 mbele huwa karibu na psi 30, nyuma juu kidogo, lakini namba ya kitabu chako ndiyo ya mwisho. Namba iliyoandikwa ubavuni pamoja na neno MAX ni kikomo cha tairi, na fundi pancha wengi wanaijaza hiyo wakidhani ni maelekezo. Nunua kipimo chako, ni kitu cha mfukoni, kwa sababu vile vya vibandani vimeanguka chini mara nyingi na kila kimoja kinasema lake. Mabadiliko ya psi tano kwenye tairi dogo kama hili unayahisi mikononi.

Kwa kilomita mia za kwanza endesha kwa upole, hasa mvua ikinyesha. Tairi jipya linatoka kwenye kalibu likiwa na utelezi juu yake, na mpaka uso usuguliwe halishiki lami ipasavyo. Ukitoka dukani usiende moja kwa moja kujaribu breki kwenye mteremko wa Iwambi.

Wenye maguta ya mizigo mtaniuliza na nyinyi. Mengi yanavaa 4.50-12 au 5.00-12 na mizigo yake ni tofauti, ila kusoma ubavu, tarehe na mistari ya mbele ni kulekule. Bajaji kubwa zinazovaa 4.50-10 vilevile.

Imebaki spea. Ishushe, ioshe, soma tarakimu nne. Ikiwa imepita miaka sita, au ikikunjwa inaonyesha nyufa, haifai hata kama kashata zake ni nzima, kwa kuwa mpira unakufa ukiwa umekaa bure, na pale ilipofungwa inapata joto na vumbi kila siku. Ukianza ule mzunguko niliokueleza, spea yako inayofuata itakuwa tairi lililotoka mbele likiwa na nusu ya kashata, lenye mistari, ambalo unaweza kulifunga popote kati ya magurudumu matatu bila wasiwasi. Lipime upepo kila mwezi ukiwa unapima mengine, ulijaze kiwango cha nyuma, maana kupunguza barabarani ni rahisi kuliko kuongeza. Hiyo ya zamani usimuuzie mwenye toroli akairudishe sokoni. Kata ubavu kwanza, halafu mpe fundi wa katambuga. Uso wake ni wa nyuzi bila waya, ataukata bila tabu.